Kumfunga mtoto mchanga usiku wa baridi: miguu inyooshwe au iachwe?

MzaziNjombe anauliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Siku kumi na mbili zilizopita nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike, na sasa ninauguzwa uzazi nyumbani kwa wakwe zangu upande wa Makete, ambako mwezi huu wa Julai baridi ya alfajiri inauma hata ukiwa umevaa sweta mbili. Mimi nimekulia Dar es Salaam, kwa hiyo malezi ya mtoto katika baridi ya namna hii ninajifunza sasa.

Mama mkwe wangu ananisaidia sana na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Kila jioni, baada ya kumwogesha mtoto na kumpaka mafuta, humnyoosha miguu yote miwili, akaibana pamoja, kisha akamviringisha kanga kutoka mabegani hadi vidole vya miguu mizunguko mitatu, na mwisho akamfunga ukanda wa kitambaa kifuani ili kanga isifunguke. Juu yake hutandaza blanketi zito la manyoya. Humlaza ubavu, na nyuma yake huegemeza mto ili asibingirike. Anasema mtoto asiyefungwa hivyo hupata matege, na kwamba kushtuka kwake usiku kunatokana na viungo kuachwa vikilegea.

Ni kweli kwamba akifungwa analala. Jana alilala tangu saa tano usiku hadi saa kumi bila kuamka hata mara moja. Lakini nilipomfungua nilikuta shingo imelowa jasho, nywele zimegandamana, uso umekuwa mwekundu, na kifuani kuna alama ya ule ukanda. Nilikaa naye mapajani mpaka kukapambazuka, kwa sababu sikuwa na amani ya kumrudisha kitandani. Alizaliwa kwa wakati wake akiwa na kilo 3.1 na ananyonya vizuri. Ninaomba kuelezwa kama kumfunga mtoto ni salama, kama miguu inapaswa kunyooshwa, na ni lini mtoto aachwe kufungwa. Niongeze kwamba usiku huwa tunaingiza jiko la mkaa chumbani mpaka kipate joto.

MkungaMstaafu anajibu:

Hongera sana, mwanangu, na pole kwa usiku huo. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa miaka 31, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia katika wodi za wazazi za nyanda za juu, kwa hiyo baridi unayoieleza naifahamu.

Naanza na neno lako la mwisho kwa sababu haliwezi kusubiri hata usiku mmoja. Tafadhali jiko la mkaa lisiingie tena katika chumba anacholala mtoto, hata kama moshi umekwisha na makaa yamekuwa mekundu. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na anayeivuta husinzia kabla hajajua kwamba anadhurika. Kama mnataka kitanda kiwe na joto, jazeni maji ya moto katika chupa inayofunga vizuri, muilaze kitandani kwa muda, kisha muiondoe kabisa kabla ya kumweka mtoto.

Sasa nije kwenye kanga. Kumfunga mtoto mchanga si kosa, na mama mkwe wako hakukosea kuona kwamba kunamtuliza. Mtoto wa umri huo ana tabia ya kuzaliwa nayo ya kurusha mikono ghafla anaposikia kishindo au anapohisi kama anaanguka, na kule kurusha mikono ndiko kunakomwamsha. Si ugonjwa wala si ulegevu wa viungo, bali ni dalili kwamba mishipa yake ya fahamu inafanya kazi, na kwa kawaida hutoweka yenyewe kadiri miezi inavyokwenda. Kitambaa kinachoshika mikono kinampunguzia kujiamsha. Lakini usije ukadhani kwamba kufungwa kunamkinga mtoto na kifo cha ghafla cha usingizini, maana hakumkingi. Na kukifanywa vibaya kunamwongezea hatari.

Kuhusu miguu, jibu langu ni kwamba isinyooshwe na isibanwe. Mtoto amekaa tumboni kwa miezi mingi akiwa amekunja magoti, na anapozaliwa kikombe cha nyonga bado kwa sehemu kubwa ni gegedu laini, yaani hakijawa mfupa mgumu. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kitulie katikati ya kikombe hicho ili kikombe kikue kwa umbo la duara, na hukaa vizuri zaidi pale mtoto anapokuwa amekunja magoti na kuyapanua pembeni, kama chura. Ukiinyoosha miguu na kuifunga pamoja saa nyingi kila siku, unakivuta kile kichwa kuelekea ukingoni, na kwa baadhi ya watoto nyonga hutoka mahali pake. Wajapani walikuwa na desturi ya kuwafunga watoto miguu ikiwa imenyooka, na katikati ya miaka ya 1970 ilipoendeshwa kampeni ya kitaifa ya kuwataka wazazi waache, idadi ya watoto waliotoka nyonga ilipungua sana. Huku kwetu tuna jambo jema ambalo wengi hawalitambui: mtoto anapobebwa mgongoni kwa mbeleko, mapaja yake hukaa wazi yakiwa yamekumbatia kiuno cha mama, na huo ndio mkao unaoifaa nyonga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipitia kumbukumbu za hospitali za watoto zaidi ya 40,000 kutoka kusini mwa Malawi, ambako kina mama hubeba watoto mgongoni, na haukukuta hata mmoja aliyeletwa kwa tatizo hilo la nyonga. Kwa hiyo ukizungumza na mama mkwe, unaweza kumwambia kwa ukweli kabisa kwamba hutaki kuacha mila, unataka tu miguu ikae kitandani kama inavyokaa mgongoni.

Matege ni habari nyingine. Miguu ya karibu kila mtoto mchanga huonekana imepinda kidogo, na hunyooka yenyewe anapokaribia au kupita kidogo miaka miwili. Matege ya ugonjwa husababishwa hasa na upungufu wa vitamini D au kalsiamu mwilini, na hakuna kanga inayoweza kuyazuia.

Nenda sasa kwenye namna ya kufunga. Kanga nzima ni kubwa mno kwa mtoto wa kilo tatu, ndiyo maana inazunguka mara tatu na kumpa joto la nguo tatu. Chukua kanga ya zamani iliyolainika, ukate kipande cha mraba cha kama mita moja, na ukipinde kingo ili nyuzi zisimkamate vidole. Kitandaze kwa pembe, ukunje pembe ya juu ndani, na umlaze mtoto chali mabega yake yakiwa usawa wa ule mkunjo, ili kitambaa kisifike shingoni wala kidevuni. Lete upande mmoja juu ya kifua na uuchomeke chini ya mgongo, kisha upande wa pili vivyo hivyo. Kiganja chako kipite bila shida kati ya kitambaa na kifua chake. Pembe ya chini iache iwe kama mfuko: ipandishe kwa ulegevu na uichomeke nyuma, halafu umtazame. Akiweza kupandisha magoti na kuyapanua mwenyewe ndani ya kitambaa, umefunga sawasawa. Akiwa ametulia tuli kama kifimbo, fungua uanze upya. Ule ukanda wa kifuani uondoe kabisa, kwa sababu mtoto anahitaji kifua na tumbo vipanuke anapovuta pumzi.

Alazwe chali, si ubavu wala kifudifudi. Mto ulioegemezwa nyuma yake uondoke pamoja na lile blanketi la manyoya. Mtoto aliyefungwa mikono akibingirika kutoka ubavuni na kuangukia uso, hana mkono wa kujisaidia. Najua tulikuwa tukiwafundisha wazazi wawalaze watoto ubavu kwa kuhofia kupaliwa, na mimi mwenyewe nilifundisha hivyo nilipoanza kazi. Baadaye Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994 zilianzisha kampeni za kulaza watoto chali, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata, bila watoto kuanza kufa kwa kupaliwa. Sababu yake ni nyepesi kuielewa: mtoto anapolala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa anayocheua yangelazimika kupanda mlima ili yaingie kwenye njia ya hewa.

Jasho ulilolikuta shingoni ndilo lililonitisha kuliko yote uliyoandika baada ya mkaa. Mtoto akizidiwa joto, usingizi wake huwa mzito kupita kiasi na hatari ya kifo cha ghafla huongezeka. Usipime joto lake kwa viganja na nyayo, kwa sababu hizo huwa za baridi hata akiwa salama. Ingiza vidole nyuma ya shingo au kifuani: pakiwa na uvuguvugu pakavu ametosheka, pakiwa na unyevu amezidishiwa, pakiwa pa baridi mwongezee nguo au mweke kifuani kwako. Kwa kawaida anahitaji nguo moja zaidi ya zile zinazokutosha wewe katika chumba hichohicho. Kofia mvishe unapotoka naye nje, lakini anapolazwa ndani ivue, isije ikateleza ikamfunika uso.

Na ile saa tano hadi saa kumi bila kunyonya ni ndefu mno kwa siku kumi na mbili. Anatakiwa kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Mtoto mwenye njaa huanza kwa kupeleka mikono mdomoni, na akiwa amefungwa huwezi kuiona dalili hiyo. Kila anapofika wakati wa kunyonya mfungue kabisa, mikono ikuguse, ngozi yake ikutane na yako.

BabaPacha anajibu:

Shikamoo, mama mkunga, na hongera kwako, dada. Niliposoma habari ya jasho shingoni nilikumbuka kilichotupata mimi na mke wangu miaka mitatu iliyopita, nikaona nisikae kimya.

Pacha wetu walizaliwa njiti, mmoja akiwa na kilo 1.7 na mwingine kilo 1.9. Hospitali walitufundisha kuwabeba kwa njia ya kangaruu, yaani mtoto akiwa na nepi na kofia tu anawekwa wima kati ya matiti ya mama au kwenye kifua kitupu cha baba, miguu imekunjwa kama chura, kisha mnafungwa pamoja kwa kitambaa. Mimi nilimbeba mdogo, mke wangu akambeba mkubwa. Nilikuwa ninaketi kitini nimeegemea nyuma, ninahisi pumzi yake ndogo ikinigusa chini ya shingo, na nikakaa hivyo saa nyingi kila siku kwa wiki karibu nne. Waliongezeka uzito wote wawili.

Kosa letu lilikuja baada ya hapo. Walipofikisha miezi miwili tulikuwa Dar es Salaam, mwezi wa Februari, joto unalijua mwenyewe, dada. Kwa kuwa moyoni tulikuwa bado tunawaona ni njiti, tuliendelea kuwafunga na blanketi mbili kila mmoja. Usiku mmoja mdogo akawa anapumua kwa kasi, mwili unachoma, na anakataa ziwa. Tulikimbilia hospitali, kipimajoto kikaonyesha 38.4. Muuguzi aliyetupokea alimfungua nguo zote, akampima tena baada ya muda, na joto likawa limeshuka. Hata hivyo walimchukua vipimo vya damu na wakatubakiza hadi kesho yake, kwa sababu walisema homa ya mtoto mdogo kiasi hicho haidhaniwi kuwa ni nguo mpaka mengine yatazamwe. Vipimo vilitoka salama. Tangu siku ile hatukuwafunga tena. Walilala na fulana na nepi chini ya chandarua basi.

Kwa hiyo, dada, ninachokuomba ni kwamba ukirudi Dar es Salaam baada ya uzazi usibebe utaratibu wa Makete kama ulivyo.

BibiWaLushoto anajibu:

Mwanangu, mimi ni bibi wa wajukuu saba na watoto wangu watano wote niliwafunga kama anavyofanya mama mkwe wako, miguu imenyooka, kwa sababu nasi huku Usambara tuna baridi na ndivyo nilivyofanyiwa na mama yangu. Wote wanatembea, wanalima, wanabeba mizigo. Kwa hiyo nilipoambiwa kliniki kwamba si vizuri, sikukubali.

Kilichonibadilisha ni mjukuu wangu wa nne, wa kike. Alipoanza kutembea alikuwa anachechemea, na mguu mmoja ulionekana mfupi. Alipopigwa picha nyonga ilikuwa imetoka. Daktari hakutulaumu, na alitueleza kwamba sababu zinaweza kuwa nyingi, kwani mtoto huyu alizaliwa kwa kutanguliza matako, ni wa kike, na watoto wa namna hiyo hupatwa zaidi kuliko wengine. Lakini aliponiuliza alivyokuwa akilazwa nikamweleza, alinionyesha kwa mikono yake miwili, ngumi moja ndani ya kiganja, jinsi mfupa unavyovutwa ukitoka. Mtoto alifanyiwa upasuaji na akakaa ndani ya plasta kutoka kiunoni hadi miguuni. Nilimbeba akiwa hivyo. Plasta ile ilikuwa nzito kuliko mtoto mwenyewe, na kila nilipomgeuza kumsafisha nilikuwa ninawaza kanga zangu.

Nakushauri juu ya mama mkwe, kwa sababu hilo naona linakusumbua ingawa hukuliandika. Usimwambie umesoma mtandaoni. Mwombe akusindikize kliniki kwa hudhurio lijalo, kisha umwombe muuguzi amchunguze mtoto nyonga na kuonyesha namna ya kufunga mbele yenu wote wawili. Akishaonyeshwa, mwache mama mkwe ndiye amfunge jioni ile. Mikono yake imezoea watoto, hiyo ni mali. Kinachohitaji kubadilika ni miguu, ukanda, blanketi, na kule kulazwa ubavu kwa mto.

MzaziNjombe anajibu:

Shikamooni, mama na bibi, na asante sana, kaka. Jiko la mkaa limekwisha kutolewa tangu jana jioni. Mume wangu alizungumza na baba yake, akakubali mara moja. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, chumbani tuna kitanda kimoja tu, nami hulala na mtoto pembeni yangu upande wa ukutani. La pili ni lile la umri ambao ninapaswa kuacha kumfunga, na nikiacha atalala na nini katika baridi hii.

MkungaMstaafu anajibu:

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kusikia habari ya jiko.

Lililo bora ni mtoto alale chumba kimoja nanyi lakini mahali pake mwenyewe, pagumu na tambarare, na hilo halihitaji kitanda cha dukani. Nimeona wazazi wakitumia kikapu kipana au boksi gumu lenye godoro jembamba lililobana vizuri, likawekwa pale mkono wa mama unapofika. Ikiwa hamna njia na mnalala pamoja, basi usimfunge kabisa, kwa sababu katika kitanda cha pamoja mikono na miguu ndiyo silaha yake ya kukusukuma na kujigeuza. Asilale upande wa ukuta, maana watoto hudidimia kwenye ule mwanya kati ya godoro na ukuta. Mito na mablanketi yenu yakae mbali na uso wake, na asilale nanyi mtu yeyote aliyekunywa pombe au anayevuta sigara.

Kuhusu kuacha, usihesabu miezi peke yake, mtazame yeye. Siku ya kwanza utakayomwona akijaribu kujigeuza, hata kama hakufanikiwa, siku hiyohiyo kanga iishe. Wengi huanza kati ya mwezi wa tatu na wa nne, lakini nimeona wa miezi miwili. Unaweza kuanza mapema kwa kumwacha mkono mmoja nje kwa usiku kadhaa, kisha yote miwili.

Baada ya hapo mpelekee fundi cherehani kitambaa cha flana, akushonee gauni refu lisilo na mikono, lililofungwa chini kama mfuko na pana chini ili magoti yapanuke. Tundu la shingo liwe la kupita kichwa tu wakati wa kumvisha, na likifungwa lisiwe pana kiasi cha kichwa kuteleza kuingia ndani. Ndani yake avae nguo za mikono mirefu, basi hatahitaji blanketi. Usikubali kushonewa au kuuziwa mfuko uliotiwa uzito wa aina yoyote.

Na ukimkuta wakati wowote hanyonyi, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au mwili ni wa moto au wa baridi hata baada ya kurekebisha nguo, usisubiri asubuhi.

MzaziNjombe anajibu:

Ninarudi baada ya siku tisa. Tulikwenda kliniki na mama mkwe kama bibi alivyonishauri. Muuguzi alimlaza mtoto chali mezani, akamkunja magoti na kuyafungua pembeni taratibu, akasema nyonga zote mbili ziko mahali pake. Kisha akamfunga mbele yetu. Mama mkwe alitazama bila kusema neno, akainama, akapitisha kiganja chake kati ya kitambaa na kifua cha mtoto, akauliza, "Kumbe anafungwa kama aliye mgongoni?" Muuguzi akamjibu ndiyo.

Kikapu cha kuchumia chai kilikuwa stoo. Baba mkwe alikikata kikawa kifupi, akakisugua na kukianika juani siku mbili, na fundi akatushonea godoro jembamba la kukitosha. Jana usiku mtoto aliamka mara nne kunyonya. Kila mara niligusa shingo yake kabla ya kumtoa, na mara zote nne ilikuwa kavu.